Nguzo Nne za Mama Kampuni

Akifika saiti, Mama Kampuni hakuuliza kazi imefikia wapi. Aliuliza nani hajala. Ukimjibu kwamba wote wamekula, aliwatazama mafundi usoni mmoja mmoja, kisha akanyoosha kidole: "Yule pale hajala." Mara nyingi ilikuwa kweli. Yule fundi alikuwa amemwachia mkewe hela yote asubuhi, au alikuwa na neno moyoni. Mama alimtoa kwenye ngazi, akamkalisha, na kazi ya ukuta ule ikasimama mpaka sahani iwe tupu. Baada ya hapo ndipo alipoanza kuangalia kuta, na akianza kuangalia kuta ungetamani aendelee na habari za chakula.

Nilifanya kazi chini yake miaka ishirini na miwili. Nilitoka kijijini Simbo na baiskeli na timazi ya kuazima, fundi mwashi asiye na cheti. Leo mimi ndiye msimamizi mkuu wa kampuni aliyoiacha. Alikozaliwa na ukoo wake waulizeni watu wa Ujiji, wao hawasahau nasaba ya mtu. Mimi nitasema niliyoyaona, na machache aliyonisimulia mwenyewe.

Kampuni ilianzia kwenye sufuria. Hilo hakulificha hata mbele ya wakubwa. Alikuwa akiwapikia mafundi waliokuwa wakijenga nyumba za walimu kule Rusimbi: ugali wa muhogo, mgebuka wa mawese, maharage siku ambazo samaki ameadimika. Mkandarasi wa kazi ile alikuwa mtu wa kuja. Asubuhi moja hakuonekana, wala magari yake hayakuonekana, na kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha. Mafundi walikaa siku tatu wakitazama barabara. Siku ya nne wakaenda jikoni kumuaga.

"Mnakwenda wapi?" akawauliza.

"Mama, tajiri kakimbia."

"Tajiri kakimbia. Na nyumba nazo zimekimbia?"

Walicheka, wakidhani ni utani. Yeye akafunika sufuria, akajitanda kanga, akaenda kwa miguu mpaka ofisi ya halmashauri. Alikaa kwenye benchi siku mbili. Ofisa aliyehusika alipomwita hatimaye, alimuuliza kama amekuja kudai pesa za chakula.

"Nimekuja kumalizia zile nyumba," alisema.

Ofisa alicheka sana. Akamuuliza anajua nini kuhusu ujenzi. Mama akamjibu kwamba kuhusu ujenzi hajui, ila anao watu kumi na wanne wanaojua, na yeye anawajua wao. Anajua nani huwahi na nani huja jua likiwa utosini. Anajua nani hula na sehemu ya mwenzake. "Na yule anayemwaga hovyo maji ya kunawa," alimwambia, "zege lake nalo huwa chepechepe. Mkandarasi wako hakulijua hilo. Mimi nililijua kwa kumpa maji kila siku."

Alipewa nyumba mbili za kujaribiwa. Zipo mpaka leo, na walimu wanalala ndani. Baadaye aliajiri fundi sanifu mwenye vyeti, akasajili kampuni, akajifunza kusoma ramani kwa kumsumbua yule fundi sanifu kila jioni mpaka huyo akaomba kuongezewa mshahara. Katika ubao wa kampuni alichorewa mwiko. Watu walibishana miaka yote kama ni mwiko wa fundi au mwiko wa ugali. Ukimuuliza alisema, "Wewe unaona upi?" na alikukadiria kwa jibu lako.

Kutokana na hayo alikuwa na sheria moja iliyowakera wasomi. Yeyote aliyetaka kusimamia watu katika kampuni yake, awe na shahada au awe mtoto wa mkubwa, alianza kwa kugawa chakula saiti siku saba. Nilimwona mhandisi kijana, ametoka Dar es Salaam na viatu vinavyong'aa, akiwa na upawa mkononi na jasho likimtiririka, mafundi wakimwambia, "Ongeza mchuzi, injinia, sisi si wagonjwa." Siku ya tatu alimwendea Mama, akasema kwamba chuo hakikumfundisha kazi hii.

"Najua," alisema Mama. "Ndiyo maana nakufundisha mimi. Nitajie majina yao."

Kijana alitaja sita. Walikuwa thelathini na mmoja.

"Rudi kwenye sufuria."

Alirudi. Wiki ilipokwisha alitaja yote, na ya wake zao baadhi. Mtoto wa kwanza wa Mama mwenyewe alikataa kugawa chakula. Alisema hilo ni jambo la kumdhalilisha mbele ya vibarua. Mama hakumgombeza. Alimsomesha, akamwoza, akamfungulia duka la vifaa vya umeme mjini, akampenda mpaka mwisho. Lakini ndani ya kampuni mtoto huyo hakutia mguu. Nilimuuliza siku moja kama haikumuuma. Akasema, "Iliniuma. Unadhani kampuni hii nimeijenga kwa mambo yasiyouma?"

Msije mkadhani alikuwa malaika. Alikuwa mchoyo wa misumari kupita kiasi. Alituagiza kunyoosha misumari iliyopinda, na alizihesabu mbao za kufungia zege kama mtu anayehesabu watoto baada ya kuvuka barabara. Lakini fundi akifiwa, mbao zote za saiti zilikuwa zake kwa ajili ya jeneza, au alinunuliwa sanda kama ni Mwislamu, na gari la kampuni likaenda mpaka Kasulu bila mtu kuulizia mafuta. Alituhimiza kuwahi, na yeye mwenyewe alichelewa kila kikao kwa sababu Ujiji hawezi kupita mtu bila kusimamishwa na kila baraza. Alitukataza majivuno. "Ukuta haujisifu," alisema. Halafu unapanda naye gari, mnapita mbele ya jengo alilolijenga yeye, anamwambia dereva apunguze mwendo, anafungua kioo na kusema kwa sauti, "Marahaba!"

Mara ya kwanza niligeuka kutafuta aliyemwamkia.

"Jengo," alisema. "Limeniamkia. Hukusikia?"

Kutoka Ujiji mpaka Kigoma mjini aliitikia marahaba saba. Nilizihesabu. Dereva alishazoea, alipunguza mwendo bila kuambiwa.

Mimi alinitania kwa Uha wangu. Yeye mtu wa mjini Ujiji, Kiswahili chake kimenyooka, na mimi naongea kama niliyelala na Kiha mdomoni. Nikimjibu "ego", yaani ndiyo, kwa kujisahau, yeye anaitikia "ego, ego" mpaka mafundi wote wanacheka. "Nyinyi Waha," aliniambia, "mnaficha maneno kama mnavyoficha muhogo ardhini. Siku ya njaa ndiyo mnachimba." Alisema kwa mzaha. Lakini ilifika siku neno lile likanichoma.

Tulikuwa tukijenga bweni la wasichana katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji. Kazi kubwa, ghorofa moja, na kwa mara ya kwanza Mama alinikabidhi mimi saiti nzima. Nilikuwa na miaka sita katika kampuni. Nilijiona nimefika. Sikukuu ilikuwa inakaribia na vijana walitaka kwenda kwao, na mimi nilitaka kumwonyesha kwamba naweza kumaliza nguzo za chini kabla ya watu kutawanyika. Siku ya mwisho zege lilikuwa zito, halishuki vizuri kati ya nondo. Kijana mmoja akaniuliza, "Fundi, tuongeze maji?" Nilijua jibu. Nikasema ongeza.

Tulipofungua mbao, nguzo nne kati ya kumi na mbili zilikuwa na matundu, kokoto zimejitenga, unaweza kutia vidole viwili ndani. Nilizitazama peke yangu. Kisha nikachanganya plasta, nikaziziba kwa mkono wangu, nikazilainisha mpaka zikawa nzuri kuliko zile nane.

Mama alikuja wiki iliyofuata. Aliuliza nani hajala. Akazunguka. Alipofika kwenye zile nguzo akasimama.

"Hizi mbona nzuri hivi?"

Nikasema tulizimalizia vizuri. Aliokota kipande cha nondo, akagonga nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtu yeyote aliyefanya kazi hii anajua zege lililoshikana linalia vipi, na plasta iliyofunika tundu inalia vipi. Mafundi walisikia. Niliona mmoja akitazama chini.

"Nani aliziba?" aliuliza.

Mafundi walinitazama. Walikuwa wananisubiri. Ilikuwa rahisi kusema ni yule kijana aliyeuliza kuhusu maji. Alikuwa ameshaondoka, angeweza hata asirudi. Sijui ni nini kilichonifanya nisiseme.

"Ni mimi, Mama. Na maji niliamuru mimi."

Nilisubiri matusi, maana alijua matusi ya Ujiji yote. Hakutukana. Alisema, "Juu ya nguzo hizi watalala watoto wa watu themanini." Kisha akaagiza aletewe nyundo kubwa, akaiweka mbele ya miguu yangu.

"Nguzo nne. Wewe mwenyewe. Wengine wakae."

Nilibomoa siku tatu. Wasichana wa shule walitoka darasani kutazama. Mkuu wa shule, mama mmoja mkali, alimwendea Mama akimuuliza kama si aibu kuvunja mchana kweupe, watu watasema nini. Mama alimjibu, "Watasema Mama Kampuni kavunja. Afadhali nivunje mimi kuliko livunjike lenyewe." Mikono yangu ilitoka malengelenge, yakapasuka, nikafunga vitambaa nikaendelea. Jioni ya siku ya tatu nilimfuata ofisini na barua ya kuacha kazi. Nilikuwa nimeiandika kwa shida, kwa sababu vidole vilikataa kushika kalamu.

Aliisoma yote. Halafu akaikunja.

"Nimekufundisha kwa gharama ya nguzo nne," alisema, "halafu wewe unataka kwenda kumfaidia mtu mwingine?"

"Mama, nimekuaibisha."

"Umeniaibisha. Kesho uwe saiti saa moja."

Basi. Hakulirudia tena neno hilo, hata tulipogombana juu ya mambo mengine, na tuligombana sana. Tulisimamisha nguzo upya, na bweni likaisha, lakini likaisha kwa kuchelewa. Na kuchelewa kule kulitugharimu. Kazi tuliyoitegemea mwaka ule ilikwenda kwa kampuni nyingine, na iliyofuata pia. Mjini maneno yalizunguka: kampuni ya yule mpishi inajenga na kubomoa. Karibu miaka miwili hatukupata jengo lolote la maana. Wahandisi waliondoka mmoja baada ya mwingine, na hakuwalaumu. Aliwaandikia barua nzuri. Tulibaki watu kumi na mmoja.

Hapo ndipo nilipomjua hasa. Asubuhi moja tulifika ofisini tukakuta ameondoa meza mbili na kuzipakia kwenye mkokoteni, na masufuria yale ya zamani yameoshwa yanang'aa. Akafungua mgahawa karibu na stesheni ya reli. Mkurugenzi wa kampuni, mwenye mhuri na gari, amejifunga kanga kiunoni anageuza ugali. Wanawake waliomwonea wivu walipita makusudi wamwone. Aliwakaribisha kwa majina, akawauzia.

Sisi tulitafuta kazi yoyote: vyoo, karo za maji taka, kuziba paa, kujengea makaburi. Tulijenga makaburi mengi. Mchana tulirudi pale stesheni tukala, na baada ya kula alituuliza, kama kawaida, mchanganyiko ulikuwa vipi, saruji ipi, tumemwagilia maji siku ngapi. Kaburi! Niliwahi kumwambia kwamba aliyemo ndani hatalalamika. Alinijibu kwamba mjane wake atakuja kila Idi, na atalitazama.

Rafiki yake mmoja, mfanyabiashara wa Ujiji, alimshauri mbele yangu afunge kampuni, abaki na mgahawa, kwani unaenda vizuri. "Kampuni imeshakufa, dada yangu. Izike."

"Imekufaje," alisema Mama, "na wote wale pale wanakula?"

Kila mwaka alilipia usajili kwa mapato ya ugali. Ubao wenye mwiko hakuushusha. Kisha siku moja yule mkuu wa shule, yule mkali, alihamishiwa wilaya nyingine, na huko walikuwa wanataka kujenga mabweni mawili. Alisafiri mpaka Kigoma, akatukuta mgahawani, akakaa, akala kwanza. Alipomaliza alisema, "Nawataka wale waliobomoa." Alinitazama mimi aliposema hivyo. Sijawahi kupewa cheti kilichonifurahisha kama neno lile.

Tangu hapo hatukukaa tena bila kazi. Kampuni zilizokuja na magari makubwa kutuzidi miaka ile, nyingi sijui ziko wapi. Sisi tupo. Vijana wajasiriamali walipomwalika Mama kwenye semina mjini awaeleze siri ya kampuni kudumu miaka thelathini na kitu, alipanda jukwaani akawatazama usoni mmoja mmoja mpaka mshereheshaji akaanza kuhangaika. Kisha akasema, "Siri sina. Kampuni yenyewe nilikuwa siijui. Nilijua watu kumi na wanne na kila mmoja anakula nini. Nyinyi mnaanza na kadi za biashara. Haya, anzeni. Lakini mtu wako akinyamaza siku tatu, ujue jengo lako lina ufa." Wakapiga makofi. Yeye akashuka, akaninong'oneza kwamba viti vya ukumbi ule vilikuwa vibovu.

Mara ya mwisho kutoka naye ilikuwa Katonga, penye mwalo wa kushushia dagaa. Alikuwa ameshaniachia kazi, miguu ilikuwa imemchoka, na alikaa Ujiji kwa binti yake. Miaka hii ya karibuni ziwa lilipanda, likala nyumba nyingi za pwani, na likala pia ghala la dagaa tulilowajengea akina mama wa Katonga. Sikutaka kumwambia. Alisikia barazani. Akanipigia simu: "Njoo unichukue. Usivae nguo nzuri."

Ghala lilikuwa ndani ya maji mpaka kwenye madirisha. Kuta zimenyooka, paa halijapinda, na mawimbi yanaingia mlangoni na kutoka. Nilitaka kumwambia kwamba angalau ufa haupo. Nilipomtazama uso nikamfungulia mlango ashuke.

Akina mama wa dagaa walikusanyika, na mwenyekiti wa mwalo, mzee wa rika lake, akaja na fimbo. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto na wajukuu. Kisha Mama akapaza sauti ili wote wasikie.

"Huyu mzee aliniambia. Siku ya kuchimba msingi alisimama hapa akaniambia, pale ni pa ziwa, litaparudia. Mimi nilimjibu nini?"

Mzee alitabasamu, hakutaka kusema.

"Sema."

"Ulisema umejenga mji huu wote, na maji hayajakufundisha kazi."

"Ndivyo nilivyosema. Nilikosea. Nimekuja kuwaambia mwenyewe, msiambiwe na watu."

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema neno hilo kwa habari ya jengo lake. Nilisikia fahari, na naona haya kidogo kusema hivyo, kwa sababu lilikuwa kosa lake. Lakini ndivyo nilivyojisikia. Nilitamani wale wote tuliobaki naye wakati wa mgahawa wangekuwepo.

Mama mmoja, kiongozi wa wale wauza dagaa, akasema, "Mama, tumefanya biashara humo miaka mingi na tulikuwa wakavu. Yamepita. Sisi tunataka kujua sasa tujenge wapi."

Wote wakamtazama yeye. Yeye akanitazama mimi.

"Muulizeni huyu. Kampuni ni yeye."

Nilijiona kama siku ya kwanza kushika mwiko. Nilimwomba mzee wa mwalo anionyeshe maji yalipofika enzi za baba yake. Tulipanda kilima taratibu, tukapita vichanja vya kuanikia dagaa, tukavuka njia, mpaka mahali penye udongo mwekundu mgumu. Akachomeka fimbo yake. "Hapa hata babu yangu hakuyaona." Mimi nikaongeza hatua thelathini juu zaidi. Nikachonga kigingi kwa panga la kuazima, nikakisimamisha, halafu nikageuka.

"Mama!" niliita. "Hapa panafaa?"

Alikuwa ameshanipa mgongo. Alitembea polepole kuelekea kwenye gari, mkono wake begani kwa yule kiongozi wa akina mama, wanazungumza habari zao.

"Hakunisikia," nilimwambia mzee.

"Kakusikia," alisema mzee. "Kakusikia vizuri tu."

Nikaokota jiwe, nikakigongelea kigingi mpaka kikashika.